Vyombo vya Kupoza Motokaa: Vipi Vibadilishwe Pamoja?

Mwezi huu twanena habari ya motokaa, kwa kuwa siku hizi nyumba nyingi na waalimu kadha wa kadha wanayo, nayo ndiyo ichukuayo gunia la korosho mchana na mgonjwa usiku.

Atokaye Masasi kwenda Newala huiacha nchi ya chini yenye vilima vya mawe, akapanda ukingo wa uwanda wa Makonde. Hapo injini hutumika sana, mwendo ni wa polepole, na upepo upitao katika rejeta ni haba. Chombo kilichochoka hufichuka hapo. Na huko juu mito hakuna, kwa maana mchanga huyanywa maji ya mvua. Wazee wajua jinsi kina mama walivyoshuka mabondeni kuteka, hata mradi wa maji wa Makonde ukaanza katika miaka ya 1950 kuyapandisha kwa mashine. Si vema basi msafiri kuomba debe la maji ya watu kila safari kwa ajili ya mpira uliopasuka.

Fundi akisema pampu ya maji imekwisha, je, tubadilishe pampu peke yake, au vyombo vyote? Abadilishaye vyote hupoteza fedha. Abadilishaye kimoja kimoja humlipa fundi mara tatu kwa kazi moja. Sisi twaona heri kuuliza maswali mawili. Kifunguliwapo hiki, ni kipi kingine kilichokwisha kufunguliwa? Tena, ni kipi kilichozeeka pamoja nacho?

Kwa swali la kwanza: katika injini kadha wa kadha pampu huzungushwa na taimingi belti, mkanda wa ndani uongozao valvu. Hapo mkanda, roli zake na pampu vibadilishwe pamoja, kwa maana gharama kubwa ni ya kufungua. Pampu izungushwayo na mkanda wa nje, yatosha kubadilishwa pamoja na gasketi yake, na mkanda huo ukiwa umechakaa.

Kwa swali la pili: mipira ya maji huzeeka pamoja. Ibinyeni injini ikiwa baridi. Mmoja ukiwa umelegea mno au una nyufa, badilisheni yote na klipu zake. Thamostati, mlango mdogo ufungukao maji yafikapo nyuzi 80 hadi 90 hivi, ni ya bei ndogo. Madhali maji yamekwisha kumwagwa, nayo ibadilishwe. Wako mafundi waiondoao kabisa. Msikubali, maana injini hukaa baridi mno, ikala mafuta mengi na kuchakaa upesi. Kifuniko cha rejeta nacho kisidharauliwe: kikishika mgandamizo wa baa 1, maji huchemka kwenye nyuzi 120 hivi badala ya 100. Mpira wake ukifa, faida hiyo yapotea.

Lakini rejeta isibadilishwe bila kukaguliwa. Isiyovuja, yenye mapezi mazima, na ipatayo joto sawasawa, huoshwa tu. Sehemu yake moja ikikaa baridi huku nyingine ni moto, imeziba.

Ikiwa injini imekwisha kuchemka, msinunue kitu kabla fundi hajapima gasketi ya silinda hedi. Mapovu yasiyokoma katika rejeta, au oili yenye rangi ya maziwa, ni dalili mbaya; hapo pampu mpya haitaponya kitu. Na kazi ikiisha, tieni kulanti ya namna iliyoandikwa katika kitabu cha motokaa, kisha hewa itolewe. Maji matupu ya kisima huacha kutu na magaga. Wala mtu asifungue kifuniko injini ingali moto, asije akaungua uso.

Twajua kwamba fedha ya korosho huja kwa msimu, na ada za watoto huingoja. Kwa hiyo mwenye fedha haba, ikiwa pampu yake haivuji wala hailii, aanze na mipira, klipu, thamostati na kifuniko. Pampu na mkanda wa ndani aviwekee akiba pamoja, kabla ya kufika kilomita zilizoandikwa kitabuni. Hivyo mgonjwa atakaposhushwa usiku kutoka Newala, motokaa itafika.