Nani Alileta Siasa Hapa?

Wasee, kuna maneno yamenichosha: "Kanisa liache siasa." Na huwa yanatoka kwa watu walewale wanaotuma mistari ya Biblia kwa WhatsApp kila asubuhi.

Basi tuongee. Jangwa la Sonora, Arizona, mpaka wa Marekani na Meksiko. Watu huvuka kwa miguu siku kadhaa, joto limepita nyuzi 40, na wengi wameachwa huko na kiu. Tangu 2004 kuna kundi linaitwa No More Deaths, lilianzishwa na watu wa dini mjini Tucson. Kazi yao? Kubeba mitungi ya maji na kuiacha kwenye njia za jangwani.

Januari 2018 wakatoa video za askari wa mpakani wakipiga mateke na kumwaga hayo maji. Siku hiyohiyo mmoja wao, Scott Warren, akakamatwa. Kosa lake? Ati aliwapa vijana wawili kutoka Amerika ya Kati chakula, maji na mahali pa kulala. Angeweza kufungwa miaka 20. Kesi ya kwanza, Juni 2019, raia walioitwa kuamua hawakuelewana. Ya pili, Novemba, wakasema hana hatia ya kuwaficha.

Sasa niambie, nani alileta siasa hapo? Aliyeweka maji ama aliyemwaga?

"Lakini kila nchi ina haki ya kulinda mpaka." Sawa, sikatai. Kagua watu, hoji, wapeleke kortini. Lakini hakuna korti inayomhukumu mtu kufa kiu.

Mimi hii kitu naijua. Nilipoacha chuo kwa kukosa karo, nililala njaa mpaka mama mmoja wa kanisa karibu na ploti yetu akaanza kunipakulia githeri. Hakuniuliza kitambulisho. Hakuniuliza nilikosea wapi. Angeanza na hayo maswali, ningeaibika na kujiendea zangu.

Na usicheke Wamarekani. Hapa kwetu, shirika la Kilutheri, LWF, liko Kakuma tangu 1992 likihudumia watu waliokimbia vita ng'ambo ya mpaka. Wewe nawe uko kwa simu unaandika "warudi kwao".

Jumapili ukiinua mikono, wakumbuke wanaobeba mitungi. Kama huwezi kuwasaidia kubeba, basi angalau usiwe wa kumwaga.