Mwisho wa Sinema ya Trotsky

Muhula huu tulionyeshwa ukumbini sinema ya mwaka 1972, iliyotengenezwa na Joseph Losey, juu ya kuuawa kwa Leon Trotsky. Tangu usiku ule bwenini hapana amani. Wenzangu wengi wasema mwisho wake haufai: tulijua tangu mwanzo kwamba mzee atakufa, basi kuna faida gani kukaa kumngojea muuaji? Mimi naomba nafasi niseme kinyume.

Trotsky alikuwa mmoja wa viongozi wa mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917, na ndiye aliyeliunda Jeshi Jekundu. Aliposhindana na Stalin alishindwa, akafukuzwa nchini mwaka 1929, akahangaika mpaka Meksiko ilipompokea mwaka 1937. Tarehe 24 Mei, 1940, watu wenye bunduki waliingia kwake usiku wakamimina risasi chumbani alimolala, lakini hakufa. Baadaye nyumba ikaimarishwa kama ngome.

Hata hivyo, tarehe 20 Agosti muuaji hakuruka ukuta. Alipita mlangoni, kwa kuwa alikuwa mpenzi wa msichana aliyeaminiwa na watu wa nyumba ile. Alishika karatasi aliyoiandika, akamwomba mzee aisome na kuisahihisha. Trotsky alipoinama kusoma, akampiga kichwani kwa sururu ndogo ya wapanda milima, aliyokuwa ameificha katika koti la mvua. Trotsky akafa kesho yake, akiwa na umri wa miaka 60.

Nakiri kwamba sururu ilipoinuliwa nilishangilia pamoja na wengine, kama tufanyavyo katika sinema za ngumi. Kisha nikakumbuka kwamba asubuhi ile ile nilisimama mbele ya meza ya mwalimu wangu, naye ameinama akisahihisha insha yangu. Nikaona haya, nikanyamaza.

Rafiki yangu hunijibu kwamba Trotsky naye alimwaga damu. Ni kweli. Mabaharia wa Kronstadt walipoasi mwaka 1921, yeye ndiye aliyesimamia mambo ya vita, na uasi ule ulizimwa kwa mauaji mengi. Sinema isitufanye tumwone mtakatifu. Lakini hatia ya mtu huamuliwa hadharani, naye akipewa nafasi ya kujibu. Haiamuliwi kwa kumvizia nyuma anapokusaidia. Trotsky mwenyewe, damu ikimtoka, aliwazuia walinzi wasimuue mtu yule, ili apate kusema ni nani aliyemtuma.

Muuaji huyo, Ramón Mercader, alifungwa karibu miaka ishirini, na alipotoka mwaka 1960 alipewa nishani kubwa huko Urusi. Naam, mwisho huu haupendezi. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na afadhali tuudhike na ukweli kuliko kuburudishwa na uwongo.

Hayo ndiyo maoni yangu. Asiyekubali na aandike muhula ujao, nami nitamjibu kwa kalamu.