Koo la Kidude Haliombewi Radhi

Tangu Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, alipofariki dunia Unguja tarehe 17 Aprili 2013, sifa zake hazijapungua, na nyingi katika hizo zimejengwa juu ya neno moja: "lakini". Sauti ilikuwa imechakaa, husemwa, lakini alikuwa na haiba. Alikwaruza, lakini alikuwa ajuza. Sauti ya kuimba hakuwa nayo, lakini jina la Zanzibar alilifikisha mbali. Msemaji hutabasamu akidhani ametoa heshima, kumbe amemwombea marehemu radhi kwa kosa ambalo hakulitenda.

Wapo pia wasioomba radhi, na hao angalau hawafichi nia. Vibarazani husema waziwazi kwamba Kidude alikuwa kivutio cha wageni, si mwimbaji. Kwamba waliomkuza ni watu wasiojua hata neno moja katika aliyoyaimba. Na kwamba lau angekuwa msichana wa leo asingepita mchujo wa kwanza wa mashindano yoyote ya uimbaji. Hili la mwisho huenda ni kweli, na anayehukumiwa nalo ni mwenye mchujo. Mdharau na msamehevu huonekana mahasimu, ilhali wamekaa mkeka mmoja. Wote wawili wanaamini kwamba sauti sahihi ni moja tu, ile nyororo yenye kuteleza kama samli ya moto, na kwamba kila koo lisiloitoa lina upungufu. Imani hiyo haikutoka katika ngoma za pwani wala katika ushairi wake.

Anayetaka kuihukumu sauti na aulize kwanza ilikuwa na kazi gani, na mahali gani. Kidude hakuwa mtu wa taarab peke yake. Alikuwa mtu wa unyago, aliyewafunda wari kwa miongo mingi, na chombo chake kilikuwa msondo, ngoma ndefu aliyoifunga kiunoni akaipiga wima. Unyago hauimbwi katika chumba kilichozibwa sauti. Ngoma zinalia, makofi yanapigwa, vigelegele vinapaa, wanawake wanaitikia kwa pamoja, na katikati ya vishindo hivyo pana neno ambalo mwari hana budi kulisikia: la mwili wake, la unyumba, la kuishi na watu. Neno lenyewe mara nyingi limefumbwa, na fumbo lililokosa silabi moja haliwezi kufumbuliwa. Sauti laini katika mahali kama hapo hufanana na sukari ndani ya chai. Utamu wake upo, chembe yake haionekani tena. Sauti ya Kidude haikuyeyuka. Mkwaruzo ulikuwa ndio makali yake, na kwa makali hayo neno lilipasua ngoma na kumfikia aliyekusudiwa. Kuiita sauti hiyo mbovu ni sawa na kulilaumu shoka kwa kuwa halina ulaini wa kitambaa.

Atajibu mtu kwamba hayo ni ya uani, na kwamba taarab ni sanaa nyingine, yenye udi, kanuni na fidla, inayotaka koo jingine. Hoja hii ina uzito wake na haifai kupuuzwa. Walakini taarab ya Kiswahili, kabla haijawa muziki, ni shairi. Mshororo wa mizani kumi na sita umekatwa katikati, nane na nane, na kila kipande kina kina chake. Aliyetunga amepima pumzi ya msomaji pamoja na maana. Mwimbaji mwenye sauti tamu hukabiliwa na kishawishi ambacho si wengi wanaokishinda: kuirefusha irabu, kuizungusha, kuipamba, mpaka kina kinafika kimechelewa na neno limekwisha kusahauliwa lilianzia wapi. Washairi wangapi wamekaa ukumbini wakisikia beti zao zikiimbwa na wasizitambue! Kidude hakuwa na anasa hiyo, wala hakuihitaji. Alilitamka neno kwanza, akalipa lahani baadaye. Konsonanti zake zilisimama. Pumzi ilipokatika, ilikatika pale maana inapopumua. "Muhogo wa Jang'ombe", wimbo ambao Siti binti Saad aliuimba kabla yake, una kejeli ndani yake, na kejeli haisemwi kwa sauti ya kubembeleza mtoto. Katika koo la Kidude kijembe kilibaki kijembe.

Na kwa kuwa wapenda unyororo huwa wepesi wa kukimbilia Misri kutafuta ushahidi, na tuseme hiyo ni haki yao, maana mapokeo ya Zanzibar yanasimulia kwamba katika enzi ya Sultani Barghash mtu alipelekwa Kairo kujifunza muziki, basi na waifuate Misri mpaka mwisho wa safari. Wajuzi wa uimbaji wa Kiarabu wana neno "bahha", maana yake ukwaruzo unaoingia sautini, na hawalitumii kumtoa mtu kasoro. Ni sifa. Umm Kulthum mwenyewe, aliyefariki mwaka 1975 na ambaye sauti yake hutolewa mfano wa ukamilifu, alisifiwa kwa bahha yake, kwani hapo ndipo wasikilizaji walipotambua kwamba maneno yamemgusa mwimbaji kabla ya kuwafikia wao. Jina lenyewe la taarab limetokana na tarab, hali ya kuguswa na kusisimkwa. Hali hiyo iko moyoni mwa msikilizaji. Ndiyo maana mtu huinuka kitini na kwenda kumtunza mwimbaji pale ubeti unapomchoma, na hajaonekana bado aliyeinuka na noti yake mkononi kwa sababu sauti imenyooka.

Siti naye, kwa hakika, hakupokewa kwa mikono miwili. Mtoto wa watumwa kutoka Fumba, aliyefika mjini akiwa mfinyanzi na muuza vyungu, alisimangwa kwa asili yake na kwa sura yake hata alipokuwa tayari amekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa Kiswahili. Leo hakuna anayethubutu kumsimanga. Shaaban Robert aliuandika wasifu wake, na dhihaka za zamani zimebaki kuwa aibu ya waliozitunga. Kidude yeye amesimangwa kwa namna ya kistaarabu zaidi: kwa kupigiwa makofi.

Hapo ndipo panapouma zaidi. Kidude alipotunukiwa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, na filamu juu ya maisha yake ilipotoka mwaka uliofuata, dunia ilimwona bibi kizee mwenye sigara mkononi. Umri wake, ambao hakuna aliyeujua kwa hakika, ukawa habari kubwa kuliko nyimbo zake. Mkwaruzo uleule uliodharauliwa vibarazani ukaitwa huko "uasilia", kana kwamba sauti ile ilichimbwa ardhini kama muhogo na haikufanyiwa kazi na mwenyewe. Hicho ni kilemba cha ukoka. Kinamvua mwanamke weledi wake. Kuingia katika lahani bila kuipapasa, kuushika mdundo kwa mikono huku mdomo ukienda njia nyingine, kujua neno lipi lisindikwe na lipi liachiliwe. Mambo haya hayaji kwa uzee. Wazee wa Unguja ni wengi. Kidude alikuwa mmoja.

Upande wa pili wa bahari Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu aliyeifanya Dar es Salaam kwao mpaka kifo chake Desemba 2010, aliimba kwa sauti iliyoparuza kama msasa, katika mji uliokuwa na Marijani Rajab na wengine wenye koo za asali. Akajiita mwenyewe sura mbaya kabla hajaitwa na mtu. Alipoimba juu ya kifo na juu ya umaskini, walalahoi walimwamini, na si rahisi kufikiri wangeyaamini maneno yaleyale kutoka katika sauti isiyo na mkwaruzo hata kidogo.

Haya yote si hati ya ruhusa kwa kila mwenye koo bovu. Wapo wanaokwaruza na wakati huohuo wanameza maneno, wanaoikosa lahani ya kanuni kwa sababu hawaisikilizi, wanaopiga kelele wakidhani kelele ni hisia. Hao na wakosolewe, na wakosolewe kwa hayo: kwa neno lililopotea, kwa kina kilichovunjika, kwa pumzi iliyokatwa mahali pasipostahili. Ukosoaji wa namna hiyo humwuma pia mwenye sauti nyororo, na pengine ndiyo sababu hautakiwi.

Kinachoshindaniwa ni zaidi ya jina la marehemu mmoja. Tangu mwaka 1997 kumekuwapo programu ya kompyuta inayoinyoosha sauti iliyopinda, na leo ni haba studio inayorekodi taarab ya kisasa au bongo fleva isiyokuwa nayo. Binti wa Makadara au Kikwajuni mwenye sauti nzito hunyooshwa mpaka afanane na mwenzake wa nyumba ya pili, au huwekwa nyuma kuitikia, au huambiwa ajaribu vichekesho. Nyimbo za unyago zinaanza kuimbwa majukwaani kwa sauti za kubembeleza, na mafumbo yake yanapita masikioni kama upepo wa kusi, yanapendeza na hayamfundi mtu. Waalimu na waongozaji wa vikundi wanaofanya mchujo wanaweza kuanza na jambo dogo: kabla ya kumpa msichana noti ya kinanda aifuatishe, wampe ubeti mmoja, wasimame mwisho wa ukumbi, ngoma ikilia, kisha waandike waliyoyasikia.