Simu mpya haina sehemu ya laini. Sisi wa Nakivale tunasemaje?



Tarehe 9 Septemba 2025, saa mbili usiku, Apple walikuwa wanatangaza simu zao mpya kule Cupertino, Marekani. Kwao ilikuwa saa nne asubuhi. Sisi tulikuwa watu kumi na wawili tumezunguka simu moja yenye kioo kilichopasuka, nje ya kibanda cha kuchaji, tunatumia bando la mtu ambaye mpaka leo anatudai. Picha inaganda, inaruka, inaganda tena. Akapita mzee mmoja akatuuliza, "Nyie mnaangalia nini hapo? Hata ya sabuni hamna."

Mzee alikuwa na haki ya kuuliza. Wiki mbili nzima, tangu mialiko ya Apple ilipotoka, pale kibandani hapakuwa na maneno mengine. Kuna walioapa itakuwa nyembamba kama kitambulisho. Kuna waliosema betri yake haitafika jioni, na kwetu jioni ndiyo watu wanapigiana. Kaka yetu mmoja anayechukua video za harusi alikuwa anahesabu kamera kama mtu anayehesabu ng'ombe wa mahari. Halafu kulikuwa na upande wa pili, wale wa "sisi ni wakimbizi, hayo hayatuhusu". Na tuseme ukweli, walikuwa na sababu. Mwaka huo huo msaada wa chakula ulikuwa umekatwa kwa watu wengi sana katika makambi ya Uganda. Ukitaja simu ya dola 999 mbele ya mama aliyefutwa kwenye orodha ya chakula, anakuangalia kama umemtukana. Dola 999 ndiyo bei ya kuanzia ya ile nyembamba, iPhone Air. Kwa pesa ya hapa ni karibu milioni tatu na nusu, kabla ya kodi na faida ya mwenye duka.

Sisi tunasema inatuhusu, hata kama hakuna kati yetu atakayeinunua.

Siku ya pili fundi wetu alitusomea habari zote polepole. iPhone Air ina unene wa milimita 5.6. Sawa. Kioo kizuri, sawa. Halafu akafika mahali akanyamaza, akarudia mara mbili: haina sehemu ya kuweka laini. Dunia nzima, Air inauzwa bila kile kitundu. Hata iPhone 17 ya kawaida na zile za Pro, zikiuzwa Marekani, Kanada, Japani, Saudi Arabia au Emirates, hazina. Namba yako inaingia kwa eSIM, yaani laini imejengwa ndani ya simu, unapakua namba kwa intaneti au unaskani alama unayopewa na kampuni. Hakuna kadi ya kushika mkononi.

Pale ndipo mjadala wa kamera ulipokufa.

Ambaye hajaishi kambini anaweza kushangaa, kwa hiyo tueleze. Hapa kwetu simu ni ya watu wengi, laini ndiyo ya mtu mmoja. Kuna mama ana namba yake miaka sita na hajawahi kumiliki simu. Laini yake ameifunga kwenye pindo la kitenge, au ameiweka ndani ya karatasi ya usajili pamoja na picha za watoto. Jioni anakuja kwa jirani: "Mwanangu, niwekee dakika kumi." Tunatoa laini ya mwenye simu, kwa pini, kwa hereni, kwa mwiba ikibidi, tunaweka yake. Ujumbe unaingia, anasoma au tunamsomea, anapiga, tunarudisha. Mwenye simu hapotezi kitu, na mama ameshika namba yake mwenyewe. Ndugu zake walioko Congo, walioko Kampala, na aliyepelekwa Kanada, wote wanaijua namba hiyo hiyo moja.

Mwisho wa Januari 2025, M23 walipoingia Goma, sisi wa kujitolea tulikaa na simu mbili tu kwa siku tatu. Moja ilikuwa itel, nyingine Tecno ya zamani. Watu walipanga foleni na laini zao mkononi, kama wanavyopanga na madumu kwenye bomba. Hatukuhesabu, lakini siku ya kwanza peke yake vidole vilituuma kwa kufungua na kufunga. Simu nyingi za kule zilikuwa haziingii. Siku ya tatu alikuja mama mmoja wa upande wa Rubondo, ametembea kwa mguu. Tulipoweka laini yake, simu ikalia mara nne mfululizo. Mtoto wake alikuwa ametuma ujumbe kwa simu ya mtu asiyemjua: yuko hai, amevuka, yuko Gisenyi. Ujumbe ule ulikuwa umetumwa siku mbili nyuma. Ulikuwa unamngoja.

Sasa tuambieni, kwa simu isiyo na sehemu ya laini, ule ujumbe ungesomewa wapi?

Rafiki yetu mpiga video alikuwa na jibu, na tunaliandika maana hatutaki kumwonea. Alisema eSIM haiibiwi, haipotei, hailiwi na kutu. Tena simu moja inaweza kuhifadhi namba nane na zaidi, ingawa mbili tu ndizo zinafanya kazi kwa wakati mmoja. "Basi wekeni namba za majirani wote humo ndani, muwashe moja moja," akasema. Kwa ufundi yuko sawa. Lakini fikirini kidogo. Namba ya yule mama sasa inakaa ndani ya simu ya jirani. Jirani akihama zoni, akiuza simu, wakigombana kwa sababu ya mbuzi aliyekula mahindi, namba imebaki kwake. Kuihamisha kwenda simu nyingine kunataka intaneti, au kurudi kwa kampuni ya simu na kitambulisho. Na sisi tunajua kitambulisho ni nini hapa. Mwenye barua iliyopitwa na muda anaijua ile foleni, na anajua pia ile sauti ya "njoo wiki ijayo". Hata China, nchi kubwa vile, Air ilichelewa kuingia sokoni mpaka Oktoba kwa sababu vibali vya eSIM vilikuwa havijakamilika. Na hao ni China. Sisi tuna barua iliyokunjwa mara nne.

Mwingine akasema, "Hiyo ni Apple tu, sisi tuko na itel." Kweli, simu za itel, Tecno na Infinix tunazozijua bado zinaweka laini mbili, na hatujasikia kwamba wataacha kesho. Lakini tunakumbuka. Mwaka 2016 Apple waliondoa tundu la hedifoni kwenye iPhone 7, watu wakacheka. Mwaka 2019 Samsung wakaliondoa kwenye Note 10. Mwaka 2020 Apple wakatoa iPhone 12 bila kichwa cha chaja ndani ya boksi, na mwanzoni mwa 2021 Samsung wakafanya hivyo hivyo kwa S21. Wakubwa wakishazoea, wadogo wanafuata. Na kuna njia nyingine fupi zaidi: simu zilizotumika. Tangu iPhone 14 ya mwaka 2022, zinazouzwa Marekani hazina sehemu ya laini. Simu zilizotumika Marekani na Dubai ndizo hizo zinazouzwa madukani mjini kama "used, safi kabisa". Fundi wetu ameshaletewa moja. Kijana alikuwa ameuza mbuzi wawili na baiskeli, akafika kibandani anazunguka simu pande zote nne akitafuta tundu. Tulicheka kwanza. Halafu tukaacha kucheka.

Wengine walitaka makala hii iwe ya madini. Kati yetu kuna wa Masisi, Rubaya tunaijua si kwa kuisoma, na coltan inayotoka pale inaishia ndani ya simu za dunia. Hilo tumeshaliandika na tutaliandika tena. Leo tunaongelea kitundu kimoja kidogo, msitutoe humo.

Sasa ninyi ndugu zetu wa mashirika, maana tunajua mnasoma hapa. Sisi ndio tunazunguka na fomu zenu nyumba kwa nyumba, kwa hiyo tunawaambia tulichokiona mlangoni. Swali lenu linasema: "Una simu?" Mtu anajibu ndiyo. Anajibu ndiyo kwa sababu ana namba. Mnaandika ndiyo, na kuanzia siku hiyo mnamtumia ujumbe saa tatu asubuhi kwamba kikao ni saa tano. Yeye laini yake iko kwenye kitenge mpaka jioni. Tumeshaona mtu akirukwa kwenye orodha na kuandikwa "hakupatikana kwa simu", na alikuwa shambani hatua mia mbili kutoka pale. Ongezeni swali moja tu: simu ni yako au unaazima? Na akisema anaaazima, tumeni ujumbe siku moja kabla, na mpeni mtu wa kujitolea jina aende kugonga mlango. Viatu vyetu vimeisha lakini tutaenda. Na zile programu mpya mnazozijaribu, zinazotuma namba za siri kwenye laini na kutaka uziandike ndani ya dakika moja, zijaribuni kwanza na mtu ambaye WhatsApp yake iko kwenye simu ya kaka yake. Mtaona wenyewe.

Kwa vijana wenzetu mnaoweka akiba: hatuwakatazi. Mtu anayetaka simu nzuri hajakosa adabu, na yule kaka yetu wa harusi analisha watu watano kwa kamera. Lakini kabla hujatoa pesa mjini, geuza simu, tafuta kile kitundu kwa kucha. Usipokiona, muulize muuzaji ilitoka nchi gani. Akianza kukuambia habari za megapikseli, rudisha simu mezani. Angalia pia kama WhatsApp bado inaikubali: tangu Mei 2025 iPhone 6 na 5s hazipo tena, na tangu Januari mwaka huo Android 4.4 na za nyuma yake nazo zimeachwa. Hapa kuna watu walinunua zile mwezi wa Aprili.

Mjadala haujaisha. Yule wa video bado anasema sisi ni wazee kabla ya muda, na kwamba laini za plastiki zitakwenda njia ya kaseti tupende tusipende. Labda. Jumamosi saa kumi tunakutana tena pale kwa fundi, na mara hii tumewaalika kina mama, maana mpaka sasa wamekuwa wakiongelewa tu. Mwenye simu isiyo na tundu aje nayo tuione. Mwenye pini ya kufungulia laini pia aje nayo, ya kwetu imepotea.