Picha ya ubongo si ramli

Kuna kichwa cha habari tunachokipenda sana sisi waandishi: wanasayansi sasa wanaweza kujua nani atarukwa na akili. Kila kikitokea kinasambaa kama moto. Jamani, tusome na yaliyo chini yake.

Mwaka 2003, watafiti wa Melbourne, Australia, waliandika katika jarida la Lancet kuhusu watu 75 waliopigwa picha za ubongo kwa mashine ya MRI. Wote walikuwa na dalili za awali za saikosisi, ile hali ya mtu kusikia sauti zisizokuwepo au kuamini kuwa anawindwa. Walipofuatiliwa, 23 waliugua kweli. Wengine 52 hawakuugua. Wale 23, kwa wastani, walikuwa na upungufu katika baadhi ya sehemu za ubongo hata kabla ya kuugua.

Mwaka 2021 mtandao wa watafiti uitwao ENIGMA ulikusanya picha za watu 3,169 kutoka vituo 31. Tofauti ilionekana tena, ila ni ndogo. Na tena ni wastani.

Sasa wastani ni nini? Wanaume kwa wastani ni warefu kuliko wanawake. Lakini nikikwambia kuna mtu ana sentimita 168, utajua ni mwanamume au mwanamke? Ndivyo ilivyo kwa picha moja ya mtu mmoja.

Mimi nawafikiria wale 52. Tuseme mmoja ni mdogo wako, ana miaka 17. Umwambie ubongo wake una alama ya wazimu? Nani atamwajiri, nani atamposa? Neno kichaa likishamganda mtu halibanduki, hata kama hajawahi kuugua.

Ndiyo maana mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani, walipotoa mwongozo wao wa DSM-5, hali hii ya hatari waliiweka kwenye orodha ya mambo yanayohitaji utafiti zaidi.

Utasema, si bora kujua mapema? Kusaidia mapema, naam. Kijana asiyelala, mwenye hofu, aliyeacha masomo, asaidiwe leo kwa shida aliyo nayo leo. Kwa hilo hatuhitaji kumtabiria kesho yake.

Wewe je, ungekubali kutabiriwa?