KUJIKINGA NA SARATANI KUSIWE KWA WENYE SIMU KUBWA TU



Kila siku twasikia sifa za simu: mtu ataandikishwa kwa simu, ataitwa hospitali kwa simu, na majibu yake atayapata kiganjani. Hatupingi maendeleo. Lakini twauliza, kiganjani mwa nani? Mchuma chai wa Imenti au Runyenjes ana mulika mwizi, na pengine hata hiyo ni ya nyumba nzima. Huko Mbeere wako wanaopanda kilima kutafuta mtandao.

Saratani ya mlango wa kizazi huua wanawake wapatao 3,000 kila mwaka katika Kenya, nayo yaweza kuzuiwa. Oktoba 2019 Serikali ilianza kutoa chanjo bila malipo kwa wasichana wa miaka 10. Muuguzi aweza kumpima mama kwa siki na taa. Tena Shirika la Afya Duniani limekwisha kukubali kwamba mwanamke aweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Katika hayo yote hakuna linalohitaji simu ya bei kubwa. Simu imesimamishwa mlangoni tu, kama askari wa geti.

Ni haki kusema kwamba kujiandikisha SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, kwawezekana kwa *147# hata kwa simu ndogo. Lakini huja maswali ya nyumba na mali, na mama asiyesoma humpa kijana wa dukani kitambulisho chake amjibie. Na majibu ya kipimo je? Yakiingia katika simu ya mume, siri ya mama imekwisha. Mama anayekataa kupimwa kwa ajili hiyo si mjinga, ingawa mabwana wa semina humwita hivyo.

Tena kibarua hulipwa kwa kilo. Siku aendayo Meru au Embu mjini kupimwa hana kilo hata moja, na nauli imetoka mfukoni mwake.

Basi twataka siku ya kupimwa ilipwe, na jambo hilo liandikwe katika mapatano yetu na waajiri. Serikali za kaunti nazo zimlete muuguzi kwenye vituo vya kuuzia majani, kwa siku zinazojulikana, na tangazo litolewe kwa mdomo, kwa Kimeru na Kiembu. Simu ije nyuma, imkumbushe aliyekwisha kupimwa. Wajumbe wa matawi, leteni majina ya vituo vyenu kabla ya mkutano ujao.