Waulizeni walimu kwanza

Chuo kikuu kinapotaka kuanzisha shahada ya uzamili kwa walimu, swali la kwanza lisiwe ada itaingiza kiasi gani. Liwe hili: mwalimu aliyeko darasani anahitaji nini?

Ni kweli kwamba programu mpya lazima ipate idhini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Lakini utafiti wa mahitaji usifanywe kutimiza masharti tu. Watafiti wafunge safari hadi Kibondo na Sumbawanga, wakae na mwalimu wa hisabati mwenye rundo la madaftari ya kusahihisha na mikondo mitatu ya kufundisha. Wamuulize: atasoma saa ngapi? Nani atashika vipindi vyake? Ada atalipa nani? Akihitimu, cheo na mshahara vitapanda?

Majibu hayo ndiyo yaamue. Ikiwa walimu wana nafasi wakati wa likizo za Juni na Desemba pekee, masomo ya jioni jijini hayawafai. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, kimeonyesha kwamba mtu anaweza kusoma bila kuacha kazi. Na kama programu inayofanana na ile inayopangwa ipo tayari kwingine, vyuo vishirikiane badala ya kugombea wanafunzi walewale.

Tunataka walimu wetu wasome zaidi. Utafiti ukionyesha kwamba programu haihitajiki, chuo kiwe na ujasiri wa kuiacha. Ukionyesha inahitajika, Serikali na halmashauri ziwape walimu ruhusa na ufadhili bila kuwazungusha.